Usiiache Kliniki Ukitaka Kutafiti MS

Madaktari vijana huniuliza mara kwa mara waanzie wapi, ikiwa wanataka kuwa mabingwa wa mfumo wa neva na kutumia umri wao kutafiti maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao wodini sote tunauita MS. Wengi hutarajia niwatajie chuo au mfuko wa ufadhili. Mimi huwaomba kwanza wasiiache kliniki, hata siku watakapopewa maabara yao wenyewe, kwa kuwa karibu kila swali la maana nililowahi kulifanyia utafiti nililipata kwa mgonjwa aliyeketi mbele yangu.

Kuhusu masomo sina mengi, maana njia yake inajulikana. Hapa Tanzania utasoma miaka 5 ya shahada ya udaktari, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo na miaka 3 ya uzamili wa magonjwa ya ndani, ndipo uingie kwenye ubobezi wa mfumo wa neva, na ukitaka utafiti hasa utaongeza uzamivu. Ni safari ndefu, na familia yako iambiwe mapema.

Unachopaswa kukimudu kabla ya yote ni kumchunguza mgonjwa kwa mikono na macho yako. Katika MS kinga ya mwili huigeukia mayelini, yaani ala inayozifunika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho, na ala hiyo ikichubuka ujumbe huchelewa kupita au hukwama kabisa. Nilipokuwa nikisomea ubobezi London, mwalimu wangu alitembea na pini yenye kichwa chekundu kwenye ukosi wa koti lake. Siku moja alimfunika kijana mmoja jicho la kulia, akamwonyesha ile pini, kisha akamfunika la kushoto. Kwa jicho moja kijana aliona nyekundu ya damu, na kwa lingine rangi iliyopauka kama tofali kuukuu. Picha za MRI zilikuwa bado hazijatoka, lakini tulikwisha kujua ni neva ipi imeguswa.

Nilirudi nyumbani nikiamini nimeshafuzu. Akaletwa kwangu mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, aliyepoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja na baadaye kufa ganzi miguu yote miwili. Nikaandika MS, nikamwanzishia interferoni, dawa ya kupunguza mashambulio ya MS. Miezi michache baadaye alirudi akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, akaniambia kwa upole, “Daktari, ile kwikwi nilikuambia siku ya kwanza.” Nilifungua jalada lake na sikuikuta popote. Alikuwa amekaa wiki mbili na kwikwi na kutapika, akatibiwa vidonda vya tumbo, na aliponieleza mimi niliona ni habari ya tumbo nikaipita. Damu yake ilipopimwa nje ya nchi ilikutwa na kingamwili dhidi ya protini iitwayo akwaporini-4, ambazo kundi la Vanda Lennon wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, lilikuwa limezigundua mwaka 2004. Hakuwa na MS. Alikuwa na NMO (neuromayelitisi optika), ugonjwa unaofanana nao mno, ambao kwikwi na kutapika kusikokoma ni miongoni mwa dalili zake, ambao huwapata watu wenye asili ya Afrika kwa uwiano mkubwa kuliko Wazungu, na ambao interferoni inaweza kuuzidisha. Kosa lilikuwa langu, na nilimwambia hivyo.

Tangu siku hiyo nimejua kwamba kwetu utafiti wa MS hauwezi kutenganishwa na NMO, na kwamba tukinakili maswali ya Ulaya bila kuwachunguza wagonjwa wetu tutawaumiza.

La pili ni subira. Jean-Martin Charcot aliueleza MS mjini Paris mwaka 1868, akilinganisha alichokiona kwa wagonjwa wa hospitali ya Salpêtrière na makovu aliyoyakuta kwenye bongo zao baada ya kufa. Hadi dawa ya kwanza ya kuzuia ugonjwa usirudie rudie ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1993, ilikuwa imepita miaka 125. Mtafiti Stephen Hauser wa San Francisco alishikilia kwamba seli B, aina moja ya seli za kinga, ndizo za kulengwa wakati wengi waliamini ni aina nyingine, seli T, na wakaguzi wa ufadhili wakaliona wazo lake haliwezekani. Mwaka 2008 jaribio la rituksimabu, dawa inayoangamiza seli B, kwa wagonjwa 104 lilimpa haki. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka rituksimabu kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS, na kwa mgonjwa wa Dodoma au Kisumu asiyeweza kamwe kununua dawa mpya, hiyo ni habari ya kutia moyo kweli.

Kwa hiyo tunza kumbukumbu. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr huongeza hatari ya kupata MS mara 32, wakitumia taarifa za askari wa Marekani zaidi ya milioni 10 na damu iliyokuwa imebaki baada ya vipimo vya VVU. Waliozihifadhi sampuli zile hawakuwa na MS akilini. Wewe huna askari milioni 10, lakini una daftari, una jokofu ikiwa umeme hausumbui, na una wagonjwa watakaorudi ukiwajali. Andika tarehe ya kila shambulio, umbali anaoweza kutembea bila kupumzika, na maneno yake mwenyewe kabla hujayageuza kuwa ya kitabibu.

Yule mwalimu sasa anatembea kwa fimbo na amerudi darasani, ingawa jicho halikupona. Fomu ya kliniki yetu niliibadilisha baada yake: swali la nne, ambalo muuguzi humsomea kila mgonjwa mpya kabla hajaingia kwangu, linauliza kama amewahi kupata kwikwi au kutapika kwa zaidi ya siku mbili.