Mimi ndiye Dee, na nilikwenda kuchukua mbuzi

Mmeuliza wiki hii: katika "Everyday Use", hadithi fupi ya Alice Walker ya 1973, mama alitenda haki kumnyima Dee ile mifarishi ya viraka akampa Maggie? Mimi ni kifungua mimba, niliyesomeshwa nikahamia mjini, kwa hiyo msitegemee nitoe hukumu bila upendeleo.

Kwa ambao hawajaisoma: mama anaishi shamba, Kusini mwa Marekani, na bintiye mdogo Maggie, mwenye makovu ya moto. Dee anakuja kutembea, sasa anajiita Wangero, na anasalimia kwa maneno ambayo msomaji wa kwetu anayashtukia mara moja: ni "wasuze otya nno" ya Waganda, imevunjwavunjwa. Anataka mifarishi miwili ambayo viraka vyake aliviunga bibi yao, aitundike. Lakini Maggie alishaahidiwa, atapewa akiolewa.

Nilicheka pale kwenye salamu. Kisha nikakumbuka Pangani.

Nilikwenda nyumbani na rafiki wa kazini. Jikoni kulikuwa na mbuzi ya nazi ya bibi; babu ndiye aliyeichonga, kwa mninga, na kiti chake kimebonyea upande wa kushoto kwa vile bibi alikuwa akikaa upande-upande. Miaka yote nilikuwa nakuna nazi juu yake nikinung'unika. Siku ile nikaiona nzuri. Nikasema, "Mama, hii naondoka nayo, nikaitundike sebuleni." Mdogo wangu alikuwa ameikalia, kifuu mkononi, sinia miguuni. Hakusema neno. Aliinuka, akafuta meno ya mbuzi kwa upindo wa kanga, akaninyooshea. Mama hakugeuka hata kutoka kwenye moto: "Chukua, mwanangu. Sisi nazi tutakuna kwa meno."

Rafiki yangu alicheka hadi akakohoa. Dar es Salaam mimi natumia tui la pakiti, na mama alilijua hilo.

Basi nilikaa kuandika ili nimtetee Dee. Mama yule na kanisa lake ndio waliochanga pesa za kumpeleka Dee shule mjini Augusta. Mnampeleka mtoto mbali, kisha mnamlaumu kwa kurudi na macho ya mbali? Halafu anayesimulia ni mama mwenyewe. Shahidi ni yeye na hakimu ni yeye. Ya moyoni mwa Dee hatuyasikii.

Lakini nimeirudia hadithi jana usiku. Mama alimwambia achukue mifarishi mingine, akaikataa kwa kuwa kingo zake zimeshonwa kwa mashine. Na zamani, alipokuwa anakwenda chuo, alipewa mmoja akasema ni mambo ya kizamani. Maggie ndiye anayejua kushona mifarishi. Naye ndiye aliyesema dada yake apewe tu.

Kwa hiyo haya: mama alitenda haki. Maggie apewe yote miwili. Ila kumpokonya Dee mikononi mbele ya Maggie, hapana. Angemwita Dee kando kwanza. Na pengine hata hili nalisema kwa sababu ya kile kicheko.

Mbuzi niliiacha, na msinisifu. Ni aibu tu iliyonifanya niiache. Sasa kila nikienda nyumbani na kuingia jikoni, mdogo wangu huinuka juu yake, na mimi humwambia akae.