Je, kuna haja ya kujifunza kuongoza ndege kwa mikono?

Ndugu, umeuliza kama mwanafunzi wa urubani ana haja ya kuhangaika na kuongoza ndege kwa mikono, ilhali mfumo wa kujiendesha hushika usukani muda mwingi wa safari. Haja ipo, tena kubwa, kwa sababu mfumo huo hutekeleza ulichouagiza bila kujali kama agizo lenyewe lilikuwa sahihi.

Katika ndege kubwa marubani wawili hugawana kazi: mmoja huongoza, kwa mikono au kupitia mfumo, na mwenzake hufuatilia vipimo na kuwasiliana na waongoza ndege walio ardhini. Usiridhike na kitufe ulichobonyeza. Soma maandishi yaliyo sehemu ya juu ya skrini ya vipimo iliyo mbele yako, kwani ndiyo yanayoonyesha hali ambayo mfumo umeingia kweli. Mwaka 2013, Boeing 777 ya Asiana, shirika la ndege la Korea Kusini, ilipokuwa ikitua San Francisco, marubani walitarajia mfumo wa nguvu za injini ulinde mwendo, kumbe ulikuwa katika hali isiyofanya hivyo. Mwendo ukapungua mno, na ndege ikagonga ukuta wa bahari kabla ya kuifikia njia ya kurukia.

Usipoelewa mfumo unafanya nini, shuka ngazi moja: achana na njia iliyopangwa kwenye kompyuta, chagua mwelekeo na kimo mwenyewe, na ikibidi uuzime kabisa. Kubonyeza vitufe zaidi kwa kubahatisha ndiyo tabia mbaya kuliko zote, nionavyo mimi. Ustadi wa mikono hufifia usipotumiwa, kwa hiyo mwombe mkufunzi wako muuzime mfumo mara kwa mara, hewa ikiwa tulivu na kazi zikiwa chache.