Anza na Mstari wa Sifuri: Kuchora Pau za Namba Hasi

Niliwahi kupeleka kikaoni grafu iliyosema kinyume cha hesabu zangu. Data ilikuwa ya faida na hasara za miezi sita: 30, 12, −8, −25, 5 na 18. Mhimili wima niliuanzishia −30, kisha pau zote nikazisimamisha kutoka hapo chini, kama nilivyozoea kufanya kwa data isiyo na hasi. Mwezi wa nne, wenye hasara kubwa kuliko yote, ukapata upau mfupi uliosimama wima kama wenzake. Mjumbe mmoja akauliza kwa nini faida ya mwezi ule ilikuwa ndogo hivyo. Faida yenyewe haikuwepo! Hesabu zilikuwa sahihi, lakini waliokuwa mezani walisoma mchoro, na mchoro uliwapotosha.

Tangu siku hiyo, mstari wa kwanza ninaouchora ni wa sifuri. Msomaji huusoma upau kwa urefu wake, na urefu huo hauna maana usipopimwa kutoka sifuri. Chanya hupanda juu ya mstari huo, hasi hushuka chini yake.

Kama unachora kwa mkono, tafuta kwanza namba kubwa kabisa na ndogo kabisa. Kwa data yangu ni 30 na −25, kwa hiyo mhimili wima wa kutoka −30 hadi 40 unatosha na nafasi ya kuandika inabaki. Kwenye karatasi ya grafu yenye miraba mikubwa ya sentimita 2, acha kila mraba uwakilishe 10. Mhimili mzima utachukua sentimita 14, na mstari wa sifuri utakaa sentimita 6 kutoka chini. Upau wa 30 unapanda sentimita 6. Wa −25 unashuka sentimita 5. Wa −8 unashuka sentimita 1.6. Skeli ni ileile juu na chini. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakibana upande wa hasi ili karatasi itoshe, na hasara ikaonekana nusu ya ilivyo. Karatasi isipotosha, badilisha skeli yote.

Mstari wa sifuri uwe mzito kuliko mistari mingine ya gridi, kwa sababu jicho lazima liuone kabla ya kitu kingine chochote.

Majina ya miezi ndiyo yanayosumbua wengi. Ukiyaandika kwenye mstari wa sifuri, pau za hasi zitapita juu yake na hayatasomeka. Yashushe hadi chini kabisa ya mchoro. Katika Excel, fungua mipangilio ya mhimili mlalo, nenda sehemu ya lebo, na uchague nafasi ya chini. Na namba yenyewe ya upau wa hasi iandikwe chini ya ncha yake, nje ya upau.

Kuhusu rangi, mimi hutumia bluu kwa chanya na rangi ya chungwa kwa hasi. Nyekundu na kijani ni mazoea ya wengi, lakini wapo wasomaji wasioweza kuzitofautisha. Hata rangi zikipotea kwenye fotokopi, mwelekeo wa upau bado unasema ukweli.

Jiulize pia sifuri yako ni nini. Katika faida na hasara jibu ni rahisi. Katika jotoridi, sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda, haimaanishi kwamba joto limekwisha, kwa hiyo pau za jotoridi lenyewe hazinishawishi. Nukta na mstari hufaa zaidi. Ila kuchora tofauti kati ya jotoridi na wastani wake ni jambo jingine. NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, huchora joto la dunia la kila mwaka likilinganishwa na wastani wa miaka 1901 hadi 2000: miaka ya baridi kuliko wastani inashuka kwa bluu, ya joto inapanda kwa nyekundu. Mwaka wa mwisho kushuka ni 1976. Hapo sifuri ni wastani huo, na lazima uandikwe pembeni mwa mhimili, vinginevyo msomaji atadhani ni sifuri ya kipimajoto.

Pau za kupandanisha, yaani zile zinazoweka sehemu kadhaa moja juu ya nyingine katika upau mmoja, nazikwepa pale chanya na hasi zinapochanganyika. Chanya hurundikana juu, hasi hurundikana chini, na jumla halisi haionekani popote. Ukilazimika kuzitumia, weka nukta nyeusi panapoangukia jumla.

Jambo la mwisho ni asilimia. Katika data yangu, kutoka mwezi wa tatu hadi wa tano tulitoka −8 tukafika 5. Kwa kanuni ya kawaida, unagawanya badiliko la 13 kwa −8 na kupata −162.5%, yaani tumeshuka, ilhali tumetoka kwenye hasara na kuingia kwenye faida. Mwanzo ukiwa hasi, sichori pau za asilimia. Nachora badiliko lenyewe: upau mmoja wa 13, unaopanda.