Jeki ya besi ikilegea, anzia ndani

Ukichomeka waya kwenye gitaa la besi na jeki nzima, yaani kile kifaa cha kuchomekea waya, ikaanza kucheza, mkono unakimbilia nati. Unaibana kwa koleo, unaizungusha, inakaza kidogo, unaendelea kupiga. Besi nyingi ninazoletewa zikiwa zimekufa sauti zilipitia hapo hapo.

Jeki ni kitu cha duara kilichopitishwa kwenye tundu la duara. Ukizungusha nati kwa nje bila kuishika jeki kwa ndani, inazunguka nayo. Nyuma yake kuna nyaya mbili zilizochomewa kwa risasi, mmoja wa sauti na mwingine wa ethi, na kila mzunguko unazisokota. Mwishowe mmoja unakatika, au waya wa sauti unagusa mahali pasipotakiwa. Dalili zake hazifanani: ethi ikikatika utasikia mngurumo mkubwa kwenye spika, lakini waya wa sauti ukigusa ethi, kimya kabisa.

Kwa hiyo fungua. Jaribu kwanza waya mwingine, maana mara nyingi gitaa linasingiziwa kosa la waya, kisha zima amplifaya na utoe waya. Kwenye Jazz Bass ya kampuni ya Fender jeki iko kwenye bamba la chuma lenye vitufe vya sauti, na ni rahisi kuifikia. Kwenye Precision Bass ya kampuni hiyo hiyo imefungwa kwenye plastiki ya mbele, ile inayopita chini ya nyuzi, kwa hiyo itabidi ulegeze nyuzi kabla ya kuiinua. Nyingine zina kibamba kidogo ubavuni: toa skrubu, vuta taratibu, usizikaze nyaya.

Angalia mpangilio wa washa, zile pete nyembamba za chuma zinazovishwa kwenye jeki. Ile yenye meno hukaa ndani, kati ya jeki na bamba, kwa sababu meno yake ndiyo yanayong'ata na kuizuia jeki isizunguke. Washa bapa hukaa nje, chini ya nati. Nikikuta ya meno haipo, sihitaji kutafuta sababu nyingine ya jeki kulegea. Irudishe, la sivyo utakaza leo na italegea tena.

Kabla ya kukaza, chomeka waya ukiwa bado unaona ndani. Utaona ule ulimi mrefu wa chuma ukisukumwa nje na ncha ya plagi. Hapo ndipo watu wengi hukosea: ulimi ukiwa umetulia una nafasi ya kutosha, ukisukumwa unagusa ukuta wa shimo la ndani ya gitaa. Kama ukuta umebandikwa karatasi ya shaba au kupakwa rangi ya kuzuia kelele, ambayo imeunganishwa na ethi, besi inanyamaza kila unapochomeka waya. Geuza jeki hadi ulimi uelekee penye nafasi, na nyaya zikae bila kuvutwa.

Sasa ishike jeki kwa ndani, kwenye fremu yake, kamwe usishike ndimi, na ukaze nati kwa spana. Nati za jeki nyingi za Marekani ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana ya 13 inakaribia, ila ikiwa imechakaa itakula kona za nati. Spana ya boksi ndiyo ninayoipenda, kwani haitelezi na kuchuna rangi ya gitaa kama koleo. Ikishakaza, acha. Usilazimishe, hasa kwenye plastiki, kwa sababu inapasuka.

Kama jeki imekaza lakini plagi bado inalegalega na sauti inakatika, tatizo ni ulimi wenyewe. Toa waya, ukunje ulimi kwa ndani kidogo sana, ujaribu tena. Plagi iingie kwa mlio wa kubana. Ulimi usiorudi umechoka, na jeki mpya ni bora kuliko kuukunja kila mara. Jeki ndefu za bomba ambazo zimefunikwa pande zote hazina ulimi wa kufikia, kwa hiyo hizo nabadilisha tu.

Unaponunua nyingine, hesabu miguu ya ile ya zamani, yaani vile vipande vya nyuma vinavyochomewa nyaya. Besi yenye betri huwa na mitatu, kwa sababu mguu wa tatu ndio unaowasha saketi unapochomeka waya. Ukiweka ya miguu miwili, hutakuwa na mahali pa kuunganishia swichi hiyo. Ni sababu hiyo hiyo ya kutoacha waya umechomekwa usiku kucha: betri inaendelea kuliwa.

Skrubu za kibamba zikizunguka bila kushika, jaza matundu kwa vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao, subiri ikauke, kisha zirudishe.

Na kabla ya kuchomeka, pitisha waya kati ya mkanda na mwili wa gitaa. Mtu akiukanyaga, mkanda ndio utakaovutwa, wala si jeki.