Mwanangu, kura haziko jukwaani

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unasema rafiki yako anagombea ubunge, anataka umshikie kampeni, halafu Mungu akipenda naye akupigie debe uingie ukatibu wa chama wa wilaya. Unauliza kama kazi ya chama inaweza kumfikisha mtu uzeeni. Unamwuliza mama aliyekuwa katibu kata wa chama wakati wewe unasomeshwa kwa vitumbua vya bibi yako! Hilo unalijua. Ngoja nikwambie kura zinakotoka.

Kura haziko jukwaani. Nilisema hivyo nikiwa kijana, na leo nasema hivyo hivyo. Jukwaani kuna ngoma, fulana, na watoto wasio na kadi ya kupigia kura. Kura ziko kwenye orodha: nani kajiandikisha, atapigia kituo gani, nani anaumwa, nani kahama na kadi yake bado ni ya kule alikotoka. Mabalozi wa nyumba kumi, viongozi wa chama wa mtaani, waliyajua haya kwa kichwa. Hata wakati wa chama kimoja, wagombea wawili wa ubunge wakipewa jembe na nyumba kuwa alama zao, watu walichagua kwelikweli; mwaka 1965 mawaziri waliangushwa.

Ndiyo maana Oktoba 29, 1995 inaniuma. Uchaguzi mkuu wa kwanza Tanzania tangu vyama vingi virudi, Jumapili, na orodha yangu ilikuwa imekamilika kwenye lile daftari la jalada gumu unalolikumbuka. Mawakala, vijana wetu wa kulinda kura za mgombea, walishaketi kituoni kabla ya jua. Foleni ilizunguka ukuta wa shule. Saa mbili, saa tatu, saa tano: karatasi za kura hazijafika. Mzee mmoja alikuwa ameifunga kadi yake ndani ya leso, anaifungua, anaitazama, anaifunga tena. Mwishowe akaniuliza, “Mama katibu, tumekosea siku?” Nikakosa la kumjibu, mimi ambaye sikosi la kusema. Jioni foleni ilikuwa imebaki vipande.

Uchaguzi wa Dar es Salaam ukafutwa, majimbo yote saba, ukarudiwa Novemba 19. Nikapita tena nyumba kwa nyumba na daftari lile lile. Yule mzee akanipokea vizuri, akanipa kiti na maji, akaniambia siku yake alishaitoa, na aliyeipoteza siku hiyo ndiye aende akapige kura ya hiyo nyingine. Jina lake sikulikata. Mpaka leo limo.

Lakini kinachonikera hasa ni mawakala. Mgombea wetu aliwaahidi posho ya siku moja, siku zikawa mbili. Nilipomfuata akacheka, akasema, “Katibu, uchaguzi uliofutwa haulipwi.” Yeye akaenda zake, vijana wakaja kukaa barazani kwetu. Redio ya babako unajua ilikokwenda. Na babako hakuwa hata wa chama chetu! Aliitoa kimya kimya vijana walipwe, kisha kila taarifa ya habari ikifika ananitazama mimi nimsomee.

Utasema siku hizi kampeni ni pesa tu. Sibishi. Au nabisha kidogo. Mwaka 2000 sheria iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Nilifurahi takrima ilipofutwa. Ila pilau ya mikutano ya ndani nimepika mimi, kwa mikono hii, na sikuona kama natoa rushwa. Mtu katembea na jua kuja kukusikiliza, umrudishe na njaa? Basi na yule aliyegawa khanga naye alisema hivyo hivyo: mgeni harudi mikono mitupu. Sasa mpaka uko wapi, kwenye sufuria au kwenye khanga? Hapo najibishana mwenyewe hadi usingizi unanipitia. Ninachojua ni kwamba waliokula pilau yangu wakaenda kuwapigia kura wengine niliwajua mapema, maana kura ziko kwenye orodha.

Nimeona mwenzangu mmoja akitoka tawini akafika mkoani, ana ofisi na gari. Nimeona wengine wamebaki na mhuri. Tofauti yao sikuiona kwenye juhudi, nikuambie ukweli. Wa mhuri ndio waliokuwa wakichelewa kulala.

Sikwambii ukubali, sikwambii ukatae. Wewe ni mtu mzima una mke, na ulimi wangu nimeushika, Mungu anaona. Ila huyo rafiki yako si mara yake ya kwanza kugombea. Kabla hujamjibu, mwulize kama mawakala wake wa safari iliyopita alishawalipa. Na ukapate jibu la pili kwa mawakala wenyewe. Kama atacheka, nipigie simu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mama yako