Maswali na Majibu: Niongeze mizaha mingapi kwa kila ukurasa?

SWALI: Nimeandika kichekesho kifupi cha televisheni, kurasa saba. Mlinzi wa geti anamzuia mwenye nyumba asiingie kwake kwa kuwa hana miadi na mwenye nyumba. Marafiki waliposoma walicheka sana, lakini mtayarishaji amenirudishia akisema "hakisongi". Mwalimu mmoja anafundisha kwamba lazima pawe na mzaha kila sekunde kumi. Niongeze wapi?

JIBU: Usiongeze hata mmoja. Mswada wako nimeusoma mara mbili. Mizaha imejaa mpaka inakanyagana.

Wazo lenyewe ni zuri kuliko unavyodhani. Tatizo ni kwamba mlinzi anatokea ukurasa wa tatu! Kabla ya hapo mwenye nyumba anagombana na mkewe kwenye simu. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya kipindi, na vichekesho vingi vya namna hii huisha kwa dakika tatu hadi tano. Nusu ya muda wako imekwenda na mtazamaji hajajua anacheka nini. Halafu ukurasa wa tano anaingia mjomba mlevi. Amefuata nini getini? Najua: ulihisi kicheko kinapoa, ukamwita aje akuokoe.

Sasa tazama ulichokifukia ukurasa wa nne. Mlinzi anapekua daftari, anasema: "Jina hili lipo, ila mwenyewe hajafika. Akija nitamwambia ulipita." Mchezo wote uko hapo, na hapo ndipo pa kuanzia kuupandisha mzaha hatua kwa hatua. Mwenye nyumba ampigie simu mlinzi, wametenganishwa na geti tu, naye mlinzi asimame wima: "Ndiyo, bosi. Kuna mtu hapa anajifanya wewe." Bosi aamuru mtu huyo aruhusiwe. Mlinzi akumbushe kwamba bosi mwenyewe alikataza maagizo ya simu. Mwishowe mtu wa watu aombe miadi ya kujiona, apewe Alhamisi. Wote wawili wawe makini kama wako mahakamani. Mlinzi akishajua kwamba anachekesha, umekwisha.

Na hiyo hesabu ya sekunde kumi imenichosha. Kila mwezi naletewa miswada iliyoharibiwa nayo. Mchekeshaji aliyesimama peke yake na maikrofoni anaweza kuruka kutoka mada hii hadi ile, kwa sababu kinachoshikilia yote ni yeye mwenyewe. Kichekesho cha kuigiza kinashikiliwa na hali waliyomo wahusika, na kila mzaha unaotoka nje ya hali hiyo unalegeza kamba. Walimu wa fomula hawasemi hivyo kwa sababu fomula inauzika. Wengine watakuambia vicheko vya kubandika, yaani vicheko vilivyorekodiwa na kuongezwa kwenye kipindi, vitaziba pengo. Mashine ya kubandikia vicheko ilikuwepo tangu miaka ya 1950, kazi ya Mmarekani Charley Douglass, na mpaka leo mtazamaji anatambua anapolazimishwa.

Wanaoifanya kazi hii kila wiki hutupa zaidi ya wanavyoongeza. Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani kilichoanza 1975, husoma mezani miswada ipatayo 40 kila Jumatano ya wiki ya kipindi. Jumamosi jioni huonyesha mazoezi kamili mbele ya watazamaji, na kabla ya kwenda hewani usiku huohuo vichekesho vingine hukatwa, hata kama mapambo ya jukwaa yameshajengwa. Na akija mtu anayetaka umlipe "akuunganishe na kituo" kabla hajasoma hata ukurasa mmoja, funga mlango. Mtayarishaji wako alisoma bure akakupa neno moja la kweli. Mrudie, umuulize alichoka ukurasa wa ngapi.

Kata mpaka zibaki kurasa nne. Mjomba mlevi usimtupe, muweke pembeni. Huenda ana kichekesho chake.