Kabla Hawajafukia, Shuka Uangalie

Nimepata ujumbe mrefu wa msomaji mmoja. Yeye na mumewe wana kiwanja, wana ramani, na hela ya msingi iko tayari. Ana maswali mawili. La kwanza: fundi wao ni shemeji yake, na huyo shemeji anataka akabidhiwe hela yote ya msingi kwa mkupuo, kwa sababu "tukianza kuulizana kila siku kazi haitakwenda". La pili: nyumba ikifika wapi wanaweza kuhamia? Kaniita dada, nami nitamjibu kidada, asinune.

Hilo la shemeji limenigusa penye kidonda. Nyumba tunayokaa leo, ambayo wageni hawaachi kuigonga gonga kuta na kuisifia, ilianza na fundi wa ukoo. Binamu wa mume wangu. Kijana mcheshi, mkono mwepesi, na ukuta anaujua kweli, simsingizii. Mume wangu aliona kumdai ndugu yake risiti ni kumdhalilisha. Mimi nikauliza, kama ni ndugu, risiti itamuuma nini? Tulinuniana siku kadhaa ndani ya chumba kimoja cha kupanga, watoto wakitutazama tu. Tukaishia kukubaliana hivi: hela ikae kwa mume wangu, macho yawe yangu na ya mama mkwe.

Mama mkwe hajui kusoma ramani. Lakini asubuhi akishamaliza mambo yake alikuwa anajisogeza saiti na kigoda, anakaa mahali anapoona mlango wa stoo, na kila mfuko wa saruji ukitoka anachora mstari wa mkaa ukutani. Basi. Haulizi, hagombi. Fundi akambatiza "mkaguzi mkuu" na vibarua wakawa wanacheka. Jioni mimi nikitoka kazini napita kuhesabu mistari, kisha nahesabu mifuko mitupu. Nakiri nilikuwa naifurahia kazi hiyo kuliko inavyompasa mtu mstaarabu.

Sasa siku ya kumwaga zege la msingi. Mashine ya kuchanganyia imeshafika, kokoto ziko tayari, vibarua wamejipanga na matoroli. Nikavua viatu nikashuka kwenye mtaro. Nondo zimelala juu ya udongo mtupu. Hakuna hata kipande kimoja kidogo cha zege chini yake cha kuzinyanyua. Ringi, zile pete za chuma zinazozishika nondo pamoja, ambazo ramani inasema zifungwe kila sentimita 20, nyingine nilipima na futi zikawa karibu mara mbili ya hapo. Na pembeni udongo ulikuwa umeporomoka usiku, tope limefunika nondo mbili kabisa.

Nikasema hapa hamwagi mtu kitu. Binamu akashuka akasimama karibu yangu, akaniambia kwa upole kabisa, sauti ya mtu anayemwelewesha mtoto: "Shemeji, zege likishamwagwa hayo yote hayaonekani."

Mdogo wangu, ukisahau yote niliyoandika humu, hiyo sentensi usiisahau. Alisema kweli tupu! Hayaonekani. Na nyumba karibu yote iko hivyo: nondo zinamezwa na zege, msingi unafukiwa na kifusi, bomba la choo linazikwa, waya zinafunikwa na plasta, kenchi, yaani mbao za kubeba bati, zinafichwa na dari. Kinachobaki wazi ni rangi na vigae, na hivyo ndivyo vitu ambavyo ukikosewa unavirudia bila kubomoa nyumba. Watu wanakesha wakibishania rangi ya sebule huku siku ya kumwaga msingi hawakuwepo.

Nondo kulala kwenye udongo si urembo kwamba mimi nilitaka vitu vinyooke. Chuma kikigusa udongo wenye unyevu kinashika kutu, na kutu inavimba. Ikivimba inalipasua zege kutoka ndani. Ndiyo maana kwenye msingi nondo zinanyanyuliwa ili zege lizizunguke pande zote, sentimita 5 hadi 7 na nusu hivi kutoka kwenye udongo. Vipande vya kunyanyulia unavifinyanga mwenyewe kwa saruji na mchanga siku chache kabla, havina gharama ya kuongelea. Kwa hiyo asikwambie mtu ilikuwa kubana matumizi. Ilikuwa uvivu, na kujua kwamba hayaonekani.

Na kwa kuwa moyo ulishaingia shaka, nikaenda kwenye nondo zilizobaki stoo. Risiti inasema milimita 12. Nikaazima mizani ya kupimia magunia. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa kama gramu 888 kwa kila mita, kwa hiyo ile ndefu ya mita 12 inapaswa kukaribia kilo 10 na nusu hivi, na ushei. (Pima urefu kwanza, maana nazo hukatwa.) Ya kwetu ilisoma kilo nane na kitu. Tukapima nyingine, hivyo hivyo. Kama alidanganywa alikonunua au alituchezea sisi, mpaka leo sijui, na hajawahi kueleza. Kwa macho huwezi kugundua. Hata kwa kushika huwezi. Mizani inagundua.

Mume wangu alikuja na kazi yake kaiacha, akaingia mtaroni bila kusema neno, akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya nondo. Alipotoka alisema neno moja: "Fungua." Zikafunguliwa zote. Binamu alikusanya vifaa vyake, akaondoka na waya wa kufungia nondo tulionunua sisi, na hela ya kazi ambayo hakuifanya. Tukikutana kwenye shughuli za ukoo ananipita kama hajaniona. Wapo shangazi wanaosema niliwagombanisha ndugu. Inaniuma, sitakudanganya, kwa sababu nilikuwa nampenda yule kijana na alikuwa ananichekesha. Lakini kuta zangu hazina ufa hata mmoja, na wao wanakuja kukaa humo humo.

Fundi wa pili hatukuwa na udugu naye wowote, na tangu siku ya kwanza tuliandikishana. Kazi imegawanywa: msingi, kuta hadi lenta, lenta yenyewe (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kupaua, na kuendelea. Hela ya kila hatua inatoka hatua ikishakaguliwa, siyo ikishafunikwa. Vifaa tunanunua sisi, yeye anatoa orodha. Na sehemu ya hela ya ufundi inabaki mikononi mwetu mpaka mvua moja kubwa ipite juu ya bati. Hakukasirika hata kidogo. Fundi anayejiamini hakasirikii futi.

Kuta sina la kusimulia. Kuta zinapanda haraka na zinampendeza kila mtu, ndiyo sababu watu wanapiga picha hapo. Nikupe hesabu moja tu ya kukulinda: tofali la inchi 18 kwa 9 linaingia kama 10 kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Zidisha urefu kwa kimo, toa milango na madirisha, zidisha kwa 10, ongeza kidogo za kuvunjika. Fundi akikuletea idadi iliyo mbali sana na hiyo, mwombe mkae mhesabu pamoja. Pamoja, nasema, tena kwa adabu.

Zege ndilo nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu hapo ndipo hata mafundi wazuri wanateleza. Kwenye ramani yetu lilikuwa moja kwa mbili kwa nne: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Sasa moja ya nini? Vibarua wanahesabu makoleo, na koleo la asubuhi si koleo la saa nane mchana mtu amechoka. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Tulimtengenezea fundi sanduku la mbao la ujazo huo, na mama mkwe akahamishia mistari yake ya mkaa huko: mfuko mmoja, sanduku mbili za mchanga, nne za kokoto. Maji nayo yapimwe kwa ndoo. Lita 25 hadi 30 kwa mfuko zinatosha, na mchanga ukiwa umelowa unapunguza. Vibarua wanapenda zege jepesi linalotiririka, kwa sababu halichoshi mikono. Lakini kila ndoo ya ziada inaacha vitundu, na zege linapoteza nguvu.

Halafu likishamwagwa kila mtu anaondoka akidhani kazi imekwisha. Zege halikauki kama nguo juani. Linashikana kwa kuyatumia yale maji, na likinyang'anywa maji na jua kabla halijakomaa linabaki nusu. Wataalamu wanalipima nguvu likiwa na siku 28, na la siku 7 linakuwa limefikia kama theluthi mbili tu. Kwa hiyo siku saba za mwanzo, kwa uchache, linatakiwa liwe na unyevu muda wote. Sisi tulitandika magunia juu ya jamvi, yaani zege la sakafu, na watoto ndio walikuwa wamwagiliaji. Mdogo alikuwa anamwagia na miguu ya dada yake, vilio kila jioni, ila magunia hayakukauka. Fundi hakulipwa kwa hilo wala hakuombwa. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.

Mabomba. Bomba la choo la inchi 4 linashuka sentimita 2 na nusu kwa kila mita, kwenda kwenye chemba, kile kishimo cha ukaguzi nje ya nyumba. Likilala bapa uchafu unabaki njiani, na utakuja kuligundua siku una wageni. Tulikataa kufukia mpaka tumwage ndoo za maji juu na mtu asimame kwenye chemba kutazama. Kiungio kimoja kilikuwa kinavuja. Kilirekebishwa hapo hapo, fundi bomba akicheka mwenyewe. Kingefukiwa, tungekuja kupasua vigae.

Na kabla ya plasta tulipiga picha kila ukuta wenye waya na bomba, mtoto mkubwa ameshika futi imenyooka kutoka kona ili vipimo visomeke pichani. Mume wangu aliona nazidi sasa. Juzi juzi alikuwa anatoboa ukuta wa bafuni kutundika kabati, nikamwona anatafuta simu yangu kimya kimya. Sikusema kitu. (Nilisema baadaye.)

Kwa hiyo mdogo wangu, turudi kwa shemeji yako. Siyo mwizi mpaka aibe, usimwonee. Lakini usimpe hela yote. Mumeo ndiye amwambie, wewe usibebeshwe ubaya, na amwambie mapema, kabla hata kamba za kuonyesha kuta zitakapopita hazijafungwa: tunanunua vifaa wenyewe, ufundi tunalipa kwa hatua, na kila kinachofukiwa tunakiona kwanza. Akikataa amekujibu swali lako. Akikubali, siku ya kuseti kamba muwepo wote wawili na futi. Kwenye kila kona pima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kutoka alama hadi alama ije mita 5 kamili. Kisha pima kutoka kona hadi kona ya nyumba nzima, mishazari yote miwili, ilingane. Kona ikipinda hapo, itapinda hadi kwenye bati, na vigae vitaitangaza kwa kila mgeni. Usione aibu kupima mbele ya fundi. Hela ni yenu, deni ni lenu, na mtakaoamka humo kila siku ni ninyi. Wanawake tunaambiwa saiti si mahali petu, halafu ufa ukitokea tunaambiwa tusogeze kabati tuuzibe!

Tena tengeni pembeni akiba, asilimia 10 hadi 15 ya makadirio, isiyotajwa mbele ya fundi yeyote. Udongo haujui bajeti. Kwetu mtaro wa upande mmoja ulibidi uchimbwe zaidi mpaka kwenye udongo mgumu, na bila ile akiba tungemwaga juu ya laini.

Kuhusu kuhamia: vigae, dari, rangi na geti vinaweza kuwasubiri mkiwa ndani. Sisi tulihamia sakafu ikiwa ya saruji tu, na mapazia ya khanga. Visivyosubiri ni bati lisilovuja, milango ya nje inayofungwa, choo kinachofanya kazi pamoja na shimo lililofunikwa kwa mfuniko imara, maji, na umeme uliokaguliwa na fundi mwenye leseni ambaye siye aliyeusuka. Kama mna watoto wadogo, ongeza ngazi zenye vizuizi na usafishe misumari yote uwanjani. Kama mna mzee, pitisha kiti cha magurudumu kwenye ramani kabla ya kujenga: mama mkwe aling'ang'ania mlango wa chumba chake na wa bafu iwe na nafasi ya sentimita 90, fundi akasema ni hasara ya mbao, na sasa goti lake limekataa anapita humo na kigari bila kumwita mtu.

Ramani yako nitumie nione vipimo vya milango kabla hamjaanza kufyatua tofali.